Mtakatifu Ngoja

Watu wa kijiji kile hawakusema ngoja. Wakitaka usubiri walikwambia subiri, au tulia kwanza, au mbona una haraka hivyo, kwani unafukuzwa? Lakini ngoja hawakulitia kinywani hivi hivi, kwa sababu kwao halikuwa neno. Lilikuwa jina, na mwenye jina hakuwa mtu wa kuitwa aje ale. Alikuwa mtakatifu wao, msimamizi wa kanisa lao, na kila walipomtaja walipiga ishara ya msalaba, hata kama mkono mmoja ulikuwa umeshika mkia wa mbuzi.

Kijiji kilikuwa wapi? Usiniulize. Kilikuwa nyuma ya kilima ukitokea huku, na mbele ya kilima ukitokea kule, na waliokaa humo hawakutokea popote, kwa hiyo swali lenyewe halikuwasumbua.

Kanisa nalo usije ukalikuza kichwani. Lilikuwa dogo, la mawe, limejibana kwenye mteremko katikati ya mizeituni, vigae vya paa vimeshuka upande mmoja. Mlango wake ulikuwa mfupi, aliye mrefu aliinama atake asitake, na Padri Akaki, aliyekuwa mrefu na msahaulifu, alikuwa na kovu la kudumu kwenye paji la uso. Ukishaingia ndio ulikuwa ukiduwaa. Kuta zote zilikuwa watu. Toka sakafuni hadi kwenye kuba walijaa watu waliochorwa zamani hizo ambazo hata wazee waliziita zamani: askari juu ya farasi wekundu, wafiadini walioshika vichwa vyao wenyewe mikononi bila kulalamika, malaika anayepima roho kwenye mizani na kishetani kimoja kinaning'inia upande wa pili kuiba uzani. Kila mtakatifu alizungushiwa duara la rangi ya dhahabu kichwani, na pembeni jina lake kwa herufi nyekundu, ili mwenye kuomba asikosee mlango.

Isipokuwa mmoja. Upande wa kaskazini, kati ya askari mwenye mkuki na mwanamke mwenye chupa ya mafuta, alisimama mtu asiye na uso. Vazi lake lilikuwa kamili, mikunjo yote. Mkono wa kuume umeinuliwa. Hata kucha za miguu zilichorwa. Lakini ndani ya lile duara la dhahabu palikuwa na lipu tupu, nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Kushoto kwake paliandikwa MTAKATIFU, herufi za kupendeza, zimesimama wima. Kulia paliandikwa, kwa mwandiko wa mlalo, wa mtu ambaye mkono wake wa pili umebeba kitu: ngoja.

Basi hapo ndipo kijiji kizima kilipoegemea. Mbuzi akipotea, mwachie Ngoja. Mvua ikichelewa, mwachie Ngoja. Mume akiaga kwamba anakwenda kununua chumvi na chumvi isifike, mwachie Ngoja, mwenzangu, usijipe presha. Nao walikwenda kukaa mbele ya lile duara tupu, kila mtu akamwona humo yule anayemtamani. Mjane alimwona mumewe. Mchungaji wa mbuzi alimwona ndugu yake. Nasikia hata mzee mmoja alimwona mbwa wake, na Padri Akaki alijitia hamnazo.

Aliyeshika ufunguo wa kanisa hilo alikuwa Pelagia. Hakuna aliyemwita Pelagia. Walimwita Mama Fano, kwa jina la binti yake, Theofano, na hapo ndipo penye mwiba: Fano mwenyewe hakuwepo. Kuitwa kutwa kucha kwa jina la mtu aliyeondoka! Kila aliyemwomba chumvi alimkumbusha. Kila aliyemsalimia alimchoma, na alimsalimia kwa upendo.

Fano aliondoka asubuhi moja, na sababu ilikuwa kitoto cha mbuzi. Mama yake alikitoa zawadi kwa shemeji zake bila kumwuliza mtoto aliyekuwa akikilisha kwa mkono. Jambo dogo, utasema. Mwambie hivyo mtoto ambaye hata hajavunja ungo, uone. Fano alisimama kizingitini, kidevu kinamtetemeka, akasema: "Naondoka. Na usinifuate!"

Kila mzazi anajua maana ya usinifuate. Maana yake ni nifuate. Pelagia alijua. Mguu mmoja ulishatoka nje, na mtandio ulishakuwa mkononi. Ndipo Zinovia, jirani yake, alipomwita kutoka kwenye ukuta wa ua: "We Mama Fano! Mwachie Ngoja. Ukimfuata leo, kesho atakupanda kichwani."

Pelagia akaurudisha mguu ndani. Akaenda kanisani, akawasha taa ya mafuta, akatazama ile lipu tupu. Akamwona Fano humo, kidevu kinatetemeka vile vile. Moyo ukamtulia. Wallahi ulitulia, na kutulia kule ndiko kulikommaliza.

Tangu hapo alikuwa akifagia. Alipangusa masizi ya mishumaa ukutani kwa mkate laini, kama walivyofanya mama yake na bibi yake, akiwafuta watakatifu nyuso mmoja mmoja, na alipofika kwa asiye na uso alimfuta pole pole zaidi. Nywele zikawa nyeupe. Magoti yakaanza kumsema vibaya kila anapoinuka. Lakini ukimwuliza siku ile ilikuwa lini, alisema ile asubuhi, kama vile hakujawahi kuwa na asubuhi nyingine.

Na mimi huwa najiuliza, na nisamehe nikikuchosha: mtu anayesubiri, yupo? Anakula, ndiyo. Anachota maji, anafukuza kuku, anacheka harusini. Lakini mwenyewe hasa yuko wapi? Amejiweka mahali, amejifunika kama unga uliokandwa unaosubiri kuumuka, na amewaambia mikono na miguu yake endeleeni na kazi, mimi nitarudi akirudi. Muda haumpiti mtu wa namna hiyo. Ni yeye anayepita, na muda umekaa pale pale, umekunja miguu, unamtazama. Kijiji kizima kilikuwa hivyo. Walizaana na kuzikana, na ilikuwa siku ile ile.

Leo atakuja. Ndivyo Pelagia alivyojisemesha akifagia. Leo. Au ameshakuja, amejificha nyuma ya mzeituni, anataka nimtafute. Nisimtafute. Nikimtafuta nitakuwa sikumwachia. Fano, mama, njaa huna? Yule mbuzi nilimrudisha, unajua? Nilimrudisha jioni ile ile. Amezaa, na wanawe wamezaa. Wote ni wako. Rudi uone.

Alikuwa katika kusema hayo, siku moja kabla ya sikukuu ya mtakatifu, mkate mkononi, alipoingia mtu mlangoni kinyumenyume, ameinama, anavuta gunia.

"Samahani kwa kuchelewa," alisema mtu huyo, bado amempa mgongo. "Tanuri la chokaa lilikuwa halijapoa."

"Wewe nani?" Pelagia aliuliza.

"Mimi nani? Mimi fundi." Akageuka. Alikuwa mwanamume wa makamo, mikono imeliwa na chokaa, rangi nyekundu kavu kwenye ndevu. Akatazama kuta, akakunja uso. "Heh! Nani amenijazia masizi hivi? Si nimetoka asubuhi hii tu?"

Pelagia alimtazama, akaitazama ile rangi kwenye ndevu, akaitazama rangi ya farasi ukutani. Ilikuwa moja. Hakushangaa kama ambavyo mimi na wewe tungeshangaa, maana kwao aliyeondoka akirudi hakuna la kustaajabu. Walichokuwa wakifanya siku zote ni kusubiri hilo.

"Ngoja nishushe gunia," alisema fundi.

Pelagia akapiga ishara ya msalaba.

"Vipi, mama?"

"Umemtaja."

"Nimemtaja nani?"

Akamwonyesha kwa kidole. Fundi akasogea hadi kwenye yale maandishi ya mlalo, akayasoma, akamtazama mama, akayasoma tena. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa juu ya gunia lake, akajifuta machozi kwa mkono wa chokaa, ikawa kilio cha kweli kwa jinsi ilivyomwasha.

"Mama yangu! Hilo si jina. Lipu laini ya kuchorea ilinikatikia hapo kwenye uso. Na ninyi wenyewe mlikuwa hamjakata shauri awekwe nani. Watu wa juu ya mteremko wanataka huyu, wa chini wanataka yule, makelele matupu. Nikaandika hapo kwa kidole, ngoja, mtu asije akagusa. Nikaenda zangu kuchukua chokaa. Ngoja. Yaani subirini. Narudi sasa hivi!"

Pelagia hakucheka. Alikaa chini, pale pale kwenye sakafu aliyokuwa ameifagia. Hasira ilimjia, na hakujua aielekeze wapi: kwa fundi, ambaye hakumdanganya mtu? Kwa Zinovia? Alikumbuka mguu wake ule mmoja uliokuwa umeshatoka nje. Aliuona kabisa, mguu wa mwanamke kijana, vumbi kwenye kisigino. Na kilichourudisha ndani hakikuwa mtakatifu. Kilikuwa agizo la mtu aliyeishiwa lipu.

Habari haina miguu lakini ilifika kila nyumba kabla ya chungu kuchemka. Kanisa likajaa. Padri Akaki aliingia wa mwisho, akajigonga kama kawaida, akasimama ameshika kichwa.

"Makubwa haya!" alisema Zinovia. Naye alishakuwa kikongwe, sauti tu ndiyo haikuzeeka. "Sasa siku zote hizi tulikuwa tunamwomba nani?"

"Tulikuwa tunaomba," alisema Padri. "Hilo latosha."

"Halitoshi, Padri. Mimi nilimwachia mume."

Wengine walikuwa wanahesabu kimya kimya walimwachia nini.

Fundi alikuwa mtu wa kazi, na watu wa kazi hawana muda wa misiba ya wenzao. Alimwaga chokaa kwenye beseni, akatia maji na makapi ya ngano yaliyokatwakatwa, akaanza kukoroga. "Nisikilizeni," alisema. "Nina lipu ya uso mmoja. Nikiipiga, rangi itaingia ikiwa bado mbichi. Ikikauka, imefunga, haipokei tena hata ukiilazimisha. Kwa hiyo nitajieni uso, mmoja, na jina lake niandike. Nani?"

Weee! Kila mtu alitaja wake. Mjane alitaja mumewe, mchungaji ndugu yake, wa juu wakavutana na wa chini kana kwamba waliagana jana tu. Padri Akaki akapiga kofi ukutani. "Basi! Aseme mwenye ufunguo. Amewafuta nyuso hawa wote. Mama Fano, sema wewe."

Pelagia akauweka kando ule mkate wa kufutia.

"Mwanangu," alisema. "Mwekeni mwanangu."

Hakuna aliyepinga. Zinovia aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Fikiria mwenyewe alichopewa Pelagia: binti yake ukutani, duara la dhahabu kichwani, hazeeki, haondoki, na kijiji kizima kimepiga magoti mbele yake siku zote. Mama gani angekataa?

Fundi akachukua patasi, akaanza kuikwangua ile lipu ya zamani. Pelagia aliitazama ikianguka vipande vipande sakafuni. Pale ndipo alipokuwa akimwona Fano. Kila kipande kilichoanguka kilimuuma, akawa anajiambia subiri, atarudi sasa hivi, tena wa rangi. Kisha fundi akashika mwiko, akapiga lipu mpya, akailainisha, ikang'aa kwa unyevu. Akachovya brashi kwenye rangi ya udongo.

"Haya, mama. Sema. Uso wake ukoje?"

"Nywele zake zilikuwa nene," Pelagia alianza. "Nilizisuka mimi. Hapa kisogoni zilikuwa na mzunguko, ukizisuka zinagoma. Na shingo yake ina alama ndogo, nyuma ya sikio, huku."

"Hicho ni kisogo, mama. Mimi nachora uso."

"Ndiyo. Uso." Akajigusa pua. "Pua ni ya baba yake."

"Baba yake yuko wapi nimwone?"

"Alikufa."

"Macho?"

Macho. Aliyatafuta ukutani kwa mazoea, na ukutani palikuwa na lipu mbichi tu. Akayatafuta kichwani mwake akakuta macho yaliyochorwa: ya yule mwanamke mwenye chupa ya mafuta, ya malaika wa mizani, makubwa, meusi, yasiyopepesa. Alikuwa amewafuta hao kwa miaka mingi hadi wameingia humo ndani na kumfunika mtoto. Alimjua kwa kisogo, kwa sababu mama anayesuka anamwona mwanawe kwa nyuma. Uso wake ulimtoka. Aliona aibu, aibu ya kutaka kufa, mbele ya watu wote wale.

"Inakauka, mama," alisema fundi, si kwa ukali.

Pelagia alimtazama. Alizitazama ndevu zake, yale matone ya rangi. Akatazama viatu vyake vilivyolowa hadi kwenye kifundo, majani mabichi yamenata kwenye soli. Nje ya kanisa jua lilikuwa limekausha kila kitu tangu mwezi uliopita.

"Fundi," alisema. "Huko ulikotoka, nyuma ya kilima, sasa hivi ni saa ngapi?"

"Asubuhi. Si nimekwambia? Umande bado upo."

"Asubuhi ipi?"

"Asubuhi hii, mama. Kwani ziko ngapi?"

"Hukupishana na mtoto? Msichana, amekasirika?"

"Mimi nimepita njia ya tanuri. Njia kubwa sikuigusa."

Asubuhi. Pelagia akainuka. Magoti yakalia, hakuyasikiliza. Alimwekea Zinovia ufunguo mkononi, akaifunga ile mikono mizee juu yake, akaelekea mlangoni.

"Mama Fano!" Padri Akaki alimzuia kwa mkono. "Ukitoka sasa, lipu itakauka. Tutamweka nani?"

"Mtakayemtaka. Wangu hakai ukutani."

"Subiri basi amalize, ndipo uende."

"Nimesubiri, Padri," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya Pelagia, si ya Mama Fano. "Nimesubiri mno. Hebu nipishe."

Akampisha. Nyuma yake alisikia Zinovia akilia kwa sauti, na fundi akiuliza haya, nani mwingine, semeni upesi. Hakugeuka.

Njia ya kilimani ilikuwa imeota miiba, kwa kuwa hakuna aliyeipita. Alipanda akishika mawe, akipumzika, akipanda. Alikuwa na hofu, niseme ukweli, hofu kubwa kuliko ya kufa: kwamba atafika akute hakuna mtu, na sasa hana hata ile lipu tupu ya kutazama. Juu kabisa upepo ukabadilika. Ukawa wa baridi, na miguu yake ikalowa. Umande. Mwanga ulikuwa ule wa alfajiri inapoachia, ambao alikuwa ameusahau, harufu ya moshi wa mkate wa kwanza ndani yake, na Pelagia akalia hapo hapo kwa kuikumbuka asubuhi ile huku akiwa amesimama ndani yake. Akaitazama mikono yake haraka haraka, akitumaini. Ilikuwa ile ile, ya kizee, mishipa imesimama. Akateremka nayo hivyo hivyo.

Palipo na kona, juu ya jiwe, alikaa msichana. Alikuwa aking'oa majani na kuyatupa, mashavu hayajakauka. Macho yake hayakuwa makubwa wala meusi. Yalikuwa ya kahawia, madogo, yamevimba kwa kulia. Bila shaka! Pelagia aliyajua mara moja, na hakuelewa aliwezaje kuyasahau.

Mtoto alimwona. Alijifuta pua kwa mkono, na kwa kuwa alilelewa vizuri, akasimama.

"Shikamoo, bibi."

Pelagia alitaka kusema jina lake. "Marahaba," alisema. "Unafanya nini hapa peke yako?"

"Namsubiri mama. Nilimwambia asinifuate." Kidevu kikaanza kumtetemeka. "Lakini nilijua atanifuata. Bibi, huko ulikotoka hukumwona?"

"Nimemwona," alisema Pelagia. "Amekuja."

Uso wa Fano ukachangamka wote. Akainuka kwa ncha za vidole vya miguu, akamshika bibi yule bega ili asianguke, akanyoosha shingo kuchungulia njiani, nyuma ya mgongo wake.